Mtoto Akililia Wembe, Mfunze

Methali za wazee wetu ni hazina, na mwenye akili haitupi hazina. Lakini hata katika mfuko wa fedha halali huweza kuingia sarafu moja ya bandia, na mtu mwaminifu huitoa akaionyesha watu kabla haijawadanganya. Sarafu nitakayo kuitoa leo ni methali isemayo: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake twaijua sote. Mtoto mkaidi na aachwe afanye alitakalo. Wembe utamkata, damu itamtoka, na maumivu yatamfunza yale ambayo maneno yalishindwa kumfunza. Methali hii husemwa kwa kicheko, na aghalabu msemaji wake ni mtu aliyechoka kufundisha.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwaandaa vijana ambao kesho watakuwa walimu. Kwa sababu hiyo siwezi kuipokea methali hii iwe kanuni ya malezi. Jeraha ni mwalimu mbaya, maana lina somo moja tu, nalo ni hofu. Aliyekatwa na wembe hujua kuuogopa. Kuushika hajui bado, na siku atakapolazimika kuushika atakatwa tena. Nadai, basi, kwamba neno la mwisho la methali hii lapasa kubadilishwa: mtoto akililia wembe, mfunze. Wala sitalithibitisha dai langu kwa mafumbo. Nitalithibitisha kwa wembe wenyewe, na kwa kazi moja ndogo ya wembe ambayo wanaume wengi huihitaji, yaani kunyoa sharafa zikawa safi na sawasawa.

Sharafa ni zile ndevu zishukazo mbele ya masikio kuelekea mashavuni. Jina lake la Kiingereza latokana na jemadari wa Marekani, Ambrose Burnside, aliyezaliwa mwaka 1824 na kufa mwaka 1881. Jemadari huyo alishindwa vibaya katika vita vya Fredericksburg mwezi wa Desemba 1862, lakini ndevu zake za mashavuni zilikuwa nyingi na za ajabu hata watu wakaziita kwa jina lake. Baadaye vipande viwili vya jina hilo vikabadilishana mahali, na ndivyo yalivyo mpaka leo. Sisi hatuna haja ya ndevu za jemadari. Twahitaji mstari mdogo ulionyoka, kulia kama kushoto, ili uso wa mtu uonekane kuwa una mwenyewe.

Wembe ninaousema ni ule wa kukunja: ulimi mmoja wa chuma cha pua, wenye upana wa kidole, mgongo mnene, makali membamba, na kipini ambacho hufunguka wakati wa kazi na kuyafunika makali baada ya kazi. Miji ya Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani ilipata sifa ulimwenguni kwa kuzifua nyembe za namna hiyo. Zamani katika Ulaya, mwenye uwezo alinyolewa na kinyozi au na mtumishi wake, na wengi hawakuthubutu kujinyoa. Ndipo fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alipotoa kitabu mwaka 1769, cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Tazameni jambo hili, wasomaji. Perret aliyajua makali kuliko wateja wake, kwa kuwa ndiyo yaliyomlisha. Angeweza kuwauzia watu wembe kisha akawaachia damu iwafunze. Hakufanya hivyo. Alikaa kitako akaandika somo.

Baada yake alikuja mwingine mwenye shauri jingine. Mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette alipewa hataza ya kifaa chenye wembe mwembamba wa kutumiwa kisha kutupwa, uliobanwa ndani ya kichwa kinachoyazuia makali yasiingie mbali. Sikikatai kifaa hicho. Kimewaepusha wengi na majeraha. Lakini angalieni yaliyotokea kwetu. Wembe wake ulifika katika kila duka la kijiji. Kifaa cha kuubana hakikufika katika kila nyumba. Kijana wa Kenya hununua wembe mtupu, akaushika kwa ncha za vidole, au akauvunja vipande viwili. Mchana huchongea penseli, usiku hujinyolea. Ulinzi umepotea njiani na mafunzo hayakupata kuwako. Kijana amepewa wembe kama methali ilivyoagiza, na ole wake.

Pengine mtu atasema kwamba wembe wa kukunja ni jambo la wageni, nasi hatuna sehemu ndani yake. Mtu huyo haijui nchi yake. Kunyoa ni kazi ya heshima katika Afrika ya Mashariki tangu zamani. Waislamu wa pwani humnyoa mtoto mchanga nywele za kuzaliwa siku ya saba, kwa kufuata suna ya akika. Wamasai, katika sherehe ya eunoto, huwanyoa morani nywele zao ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, na mnyoaji ni mama wa morani mwenyewe. Hebu mfikirieni mama huyo. Wembe uko kichwani mwa mwanawe, mbele ya umati, katika siku ambayo kijana hulia kwa uchungu wa kuuacha ujana wake. Je, mkono wa mama huyo ulifunzwa na damu? Hasha! Ulifunzwa na mikono mingine, ya bibi na ya shangazi, iliyotangulia kunyoa. Basi desturi zetu wenyewe zaikanusha methali yetu.

Sasa nafika penye shutuma yangu, nayo nawaelekezea walimu wenzangu. Twampokea mvulana katika shule ya sekondari akiwa na shavu laini kama la mtoto, na twamwaga akiwa na ndevu. Katikati ya miaka hiyo twamwamuru mara nyingi awe nadhifu. Twapanga wanafunzi mistari, twakagua nywele, twakagua kucha, twakagua mashavu, na aliyeonekana na kisharafa hurudishwa bwenini akakiondoe. Amri hiyo siipingi. Kanuni ya shule ni kanuni, na wakati wa kufuga sharafa haujafika. Nauliza neno moja tu. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwonyesha kijana jinsi ya kulitimiza aliloamriwa? Twafundisha namna ya kupima pembe tatu. Hatufundishi namna ya kupima mashavu mawili. Twadai matunda ya shamba ambalo hatukulilima.

Matokeo yake ni nini? Nimeona wembe mmoja ukipita katika mikono ya vijana wanne usiku wa kuamkia ukaguzi, mmoja akiupangusa kwa kitambaa na kumpa mwenziwe. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa watiifu wanaotafuta njia ya kutii. Nao hawakujua kwamba mkato usioonekana kwa macho watosha kupitisha ugonjwa. Virusi vya ukimwi huweza kuambukizwa kwa damu iliyomo katika wembe, na virusi vya homa ya ini ya aina ya B ni vigumu zaidi, maana huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikingali na nguvu ya kuambukiza. Kitambaa hakiviui. Maji ya mfereji hayaviui. Hapo ndipo ubaya wote wa methali ile unapodhihirika, kwa kuwa aliyeitunga alidhani wembe utamkata mtoto mkaidi peke yake. Leo wembe wa mmoja huwakata wanne, na yule wa mwisho huenda hata hakuulilia.

Watu wa hadhari watanijibu: basi na tuziondoe nyembe kabisa, kijana anyolewe kwa mashine. Jibu hili lina nusu ya busara. Mashine ya kinyozi ni kitu chema, nayo pia yataka kusafishwa kwa dawa kila inapohama kichwa. Lakini ndevu haziishi kukua siku mtu anapotoka shuleni, wala umeme haufiki kila mahali ambako mwalimu hutumwa kufundisha. Kadhalika, nchi hii haijapata kuyakimbia makali. Mtoto wa mkulima hushika panga akafyeka, hushika jembe akapalilia, hushika kisu akachuna mbuzi. Hakuna mzazi asemaye panga ni hatari, basi mwanangu asilijue. Husema panga ni hatari, basi njoo nikuonyeshe. Iweje busara hii ituongoze shambani na itupotee mbele ya kioo?

Nami nimechagua sharafa kwa sababu ndiyo somo la kwanza lifaalo. Shavu mbele ya sikio ni bapa. Halina bonde kama kidevu wala mfupa unaotembea kama koo. Mkono mgeni huweza kujifunza hapo bila hatari kubwa. Kabla ya kugusa shavu, mwanafunzi na apewe puto lililopulizwa na kupakwa povu la sabuni, aliondoe povu lote puto lisipasuke. Nani atacheka? Acheke akisha kufaulu mwenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Wembe hunolewa kwa jiwe mara chache. Lakini kila siku kabla ya kunyoa hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi uliovutwa ukakaza, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Anayetanguliza makali huukata ukanda na kuuharibu wembe kwa mara moja. Kisha shavu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa nywele iliyolowa hukatika kwa urahisi kuliko iliyo kavu. Sharafa ndefu hupunguzwa kwanza kwa mkasi juu ya kitana. Povu hupakwa chini ya mahali patakapokuwa mpaka. Vidole vya mkono mwingine huvuta ngozi kwenda juu, wembe hulazwa ukiinuka karibu nyuzi 30 tu kutoka usoni, makali huwekwa penye mpaka, na mkono hushuka kwa hatua fupi, kuelekea ziendako nywele. Hapana kusukuma. Hapana kuburuta wembe ubavuni kama kisu cha mkate, maana huko ndiko kujichanja.

Kuufuata mwelekeo wa nywele kuna faida nyingine kwetu sisi wenye nywele za kujikunja. Nywele ya namna hiyo ikikatwa chini mno, ncha yake iliyochongoka hurudi ikachoma ngozi na kuzaa vipele vinavyouma na kuacha madoa. Wataalamu wa ngozi hushauri kunyoa kufuata nywele na kutokuvuta mno ngozi wala kutafuta ulaini wa kupita kiasi. Ulimi mmoja wa wembe, mikononi mwa aliyefunzwa, huikata nywele usawa wa ngozi. Nyembe za plastiki zenye ndimi tatu au nne huivuta na kuikata chini zaidi. Vijana wangapi huona haya kwa vipele vyao, wakidhani wameumbwa na ngozi mbaya? Ngozi yao ni njema. Hakuna aliyewaambia.

Lakini somo kubwa la sharafa ni kipimo. Kijana asiyefunzwa hupima kwa sikio. Huona mahali fulani pa sikio la kulia, akakata. Huona mahali hapo hapo pa sikio la kushoto, akakata. Kisha hushangaa kuona uso umeinama upande. Sababu ni kwamba masikio ya watu wengi hayakupandwa katika usawa mmoja. Aliyefunzwa husimama wima mbele ya kioo, hutazama mbele, huweka kidole kimoja kila shavu katika usawa mmoja na macho, hushuka navyo pamoja mpaka mahali alipopachagua, kisha hutia alama. Hapo ndipo anaposhika wembe.

Akikosa kipimo, hufuata msiba ambao nimeuona mara nyingi katika nyuso za wanachuo asubuhi ya kwenda kufundisha kwa mara ya kwanza. Upande wa kulia umezidi, akaupunguza. Sasa wa kushoto umezidi, akaupunguza nao. Kisha wa kulia tena. Sharafa hupanda juu kidogo kidogo kama maji yanayojaa, mpaka hufika juu ya sikio na kuacha pande mbili za ngozi tupu. Mwanachuo huyo husimama mbele ya watoto arobaini ambao hawamsikilizi, wanamtazama. Mtu anaweza kusema hayo ni madogo. Kwake asubuhi ile si madogo. Wembe haurudishi ulichokiondoa. Kwa hiyo hupimwa kwanza, kisha hukatwa, na pakizidi kidogo huachwa. Nani katika sisi, mwalimu au hakimu au mzazi, asiyehitaji kulijua hilo?

Kazi ikiisha, shavu huoshwa kwa maji baridi, na penye mchubuko hupitishwa jiwe la shabu, lile litumiwalo kusafishia maji. Wembe huoshwa, hukaushwa kabisa, hupakwa mafuta kidogo, hasa pwani ambako hewa ya chumvi huila pua kwa kutu. Kisha hufichwa mbali na watoto. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Hauazimwi kwa ndugu wala kwa rafiki. Ukitunzwa hivyo hudumu zaidi ya maisha ya mwenyewe, na katika muda huo hupunguza lundo la plastiki litupwalo mitaroni mwetu. Kinyozi anyoaye watu wengi, yeye na atumie ulimi mpya kwa kila mteja, auvunje na kuutupa salama mbele ya macho ya mteja huyo.

Najua kwamba methali nyingine itainuliwa dhidi yangu: kinyozi hajinyoi. Naiheshimu hii. Yatufundisha kwamba kila mtu ana kisogo asichokiona, na kwa kisogo chake amhitaji mwenziwe. Lakini sharafa haziko kisogoni. Ziko mbele ya kioo, mahali ambapo macho ya mtu na mkono wake vyakutana. Atakayeitumia methali ya unyenyekevu kuwa kinga ya uvivu ameidhulumu methali.

Wengine watasema kushughulikia mashavu ni majivuno. Majivuno ni kudai uso wa mtu mwingine. Kuutunza ule uliopewa ni shukrani, na dakika kumi za asubuhi si bei kubwa ya shukrani. Aliye makini na mstari mdogo usoni mwake hana dhamana ya kuwa makini katika daftari za wanafunzi. Lakini ameuzoeza mkono wake kutulia, na jicho lake kupima kabla ya kukata, na hivyo viwili havimdhuru mwalimu yeyote.

Basi nawasihi ninyi mlio walimu, na ninyi wanafunzi ambao mtakuwa wazazi. Siku kijana atakapouliza habari za wembe, msimcheke, msimfukuze, wala msimtupie mkononi na kumwambia, haya, utaona. Mketisheni. Jazeni bakuli maji ya moto. Mwonyesheni mgongo wa wembe kabla ya makali, na makali kabla ya shavu. Mwambieni kwamba huu ni wake peke yake, na kwa nini. Simameni nyuma yake mpaka upande wa kulia uishe na wa kushoto ulingane nao. Hiyo ni kazi ya nusu saa, nayo hufanywa mara moja katika maisha ya kijana. Mzee aliyetunga methali ile hakuwa na nusu saa. Sisi tunayo, na mishahara yetu hulipwa kwa ajili hiyo.